Kupima Joto la Dunia ya Miaka Milioni 56 Iliyopita Ukiwa Mwanza: Mwongozo Kamili wa Kusoma Kemia ya Mashapo ya Bahari Kuu

Mtu wa Mwanza akitaka kujua dunia iliwahi kupata joto kiasi gani zamani, wazo la kwanza huwa ni ziwa. Liko hapo mlangoni, lina tope, na tope hutunza kumbukumbu. Kwa swali la mwongozo huu, Ziwa Victoria ni changa mno. Bonde lake linakadiriwa kuwa na umri wa miaka laki nne hivi, kina chake cha juu kabisa ni kama mita 80 tu, na tope lililovutwa kutoka chini yake linaonyesha kwamba kati ya takriban miaka 17,000 na 15,000 iliyopita lilikauka. Mahali ambapo leo mitumbwi ya dagaa hupita palikuwa udongo wa nchi kavu. Sisi tunatafuta jambo lililotokea miaka milioni 56 iliyopita, na kumbukumbu yake ndefu isiyokatika iko chini ya bahari.

Jambo hilo wanasayansi hulifupisha kwa herufi PETM: kilele cha joto kwenye mpaka wa vipindi vya Paleosini na Eosini. Kaboni nyingi iliingia hewani na baharini ndani ya miaka elfu chache, dunia ikapata joto la ziada la nyuzi 5 hadi 6 za Sentigredi, na ilichukua kati ya miaka laki moja na nusu na laki mbili mambo kurudi yalikokuwa. Halikujulikana hadi mwaka 1991, James Kennett na Lowell Stott walipochapisha vipimo vya tope kutoka pembeni mwa Antaktika.

Unaweza kulifuatilia tukio hili mwenyewe kwa kompyuta mpakato ya kawaida, Excel au LibreOffice, na bando dogo, maana data zake ni mafaili ya maandishi na ziko wazi kwa kila mtu. Ila shika hili tangu mwanzo: namba inayotoka kwenye ganda bado si joto. Inageuka kuwa joto baada ya kujibiwa maswali matatu. Ganda lenyewe ni la asili au lilibadilika likiwa limefukiwa? Maji liliyojengwa ndani yake yalikuwa ya namna gani? Na tope hilo lina umri gani? Hesabu ni ya dakika tano. Maswali hayo matatu ndiyo kazi.

Hatua ya 1: Elewa kipimajoto kilichomo ndani ya chokaa

Oksijeni si ya aina moja. Atomu zake karibu zote, asilimia 99.76, ni oksijeni-16. Takriban mbili katika kila elfu moja ni oksijeni-18, ambayo ni nzito zaidi kwa nyutroni mbili. Kiumbe anayejenga ganda la kalsiti baharini huchukua zote mbili kutoka kwenye maji, na uwiano anaouchukua hutegemea joto. Maji yakiwa baridi, ganda hubeba oksijeni-18 nyingi zaidi. Yakipata joto, hubeba kidogo. Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Chicago aliweka msingi wa hoja hii mwaka 1947, na kufikia 1955 Cesare Emiliani alikuwa tayari ameitumia kusoma mashapo ya bahari.

Tofauti zenyewe ni ndogo mno, ndiyo maana huandikwa kwa sehemu kwa elfu (‰) na kupewa alama δ18O, zikilinganishwa na kipimo cha rejea. Kwa chokaa rejea huitwa VPDB, na asili yake ni kisukuku cha belemnaiti kutoka South Carolina, Marekani. Kwa maji rejea ni VSMOW. Kuna rejea mbili, na wanaoanza huzichanganya kila siku; tutarudi hapo kwenye kanuni. Kwa sasa kariri kwamba δ18O ya ganda ikipungua kwa ‰1, maji yamepanda joto kwa nyuzi kati ya 4 na 5.

Viumbe wenyewe ni foraminifera, wa seli moja, wengi wao wakiwa na ukubwa wa chembe ya mchanga. Wapo wanaoelea karibu na uso wa bahari na wapo wanaoishi kwenye tope la sakafuni. Wakifa, maganda yao huzama na kurundikana, na sehemu kubwa ya sakafu ya bahari kuu imefunikwa nayo. Maabara huyayeyusha kwa asidi ya fosforasi, hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka huingizwa kwenye spektromita ya masi, na mashine huhesabu molekuli zenye uzito wa 44, 45 na 46. Kutokana na hizo hupatikana δ18O pamoja na δ13C, yaani uwiano wa kaboni nzito na nyepesi. Zote mbili utazihitaji.

Nusu ya kwanza ya tendo hilo unaweza kuiona nyumbani. Chukua ganda kavu la konokono kutoka kwenye mchanga wa ufukweni, liponde, lidondoshee siki au ndimu. Mapovu yatakayotoka ni kabonidayoksaidi ileile. Kisha dondoshea siki kwenye kipande cha jiwe la Mwanza, la aina ya Bismarck Rock: halitafanya lolote, kwa sababu hayo ni matale, hayana chokaa. Okota ganda lililokauka nchi kavu tu. Usiingie majini kutafuta konokono hai kwa ajili ya zoezi hili. Kichocho cha ziwani hakiangalii kwamba wewe ni mwanasayansi.

Hatua ya 2: Chagua kisima, na ujue kwa nini umekichagua

Kuanzia mwaka 1968 hadi 2024 meli za uchimbaji, kwanza Glomar Challenger na baadaye JOIDES Resolution, zilitoboa sakafu za bahari na kuvuta nguzo za mashapo ndani ya mabomba. Kila mahali pana namba. Kwa PETM, anza na mbili.

Ya kwanza ni 690, kwenye mwinuko wa Maud Rise katika Bahari ya Weddell, iliyochimbwa mwaka 1987. Maji hapo yana kina cha kama mita 2,900, na mpaka tunaoutaka uko karibu mita 170 chini ya sakafu. Ndiyo nguzo waliyoisoma Kennett na Stott. Tope lake lilijikusanya bila kukatika sana, hivyo mwanzo wa tukio unaonekana vizuri.

Ya pili si kisima kimoja bali mlolongo wa visima kwenye mteremko wa Walvis Ridge, Atlantiki ya Kusini, vilivyochimbwa mwaka 2003: 1262, 1263, 1265, 1266 na 1267. Uzuri wake ni kwamba viko kwenye vina tofauti, kutoka takriban mita 2,700 hadi zaidi ya 4,700. Katika vyote, tope jeupe la chokaa hukatika ghafla na kugeuka udongo mwekundu usio na chokaa, kisha weupe hurudi taratibu. Kaboni ilipoyeyuka baharini maji yaligeuka kuwa na asidi zaidi, na kina ambacho chini yake chokaa hakidumu kilipanda kwa zaidi ya kilomita 2. Mstari ule mwekundu unaonekana kwa macho kwenye picha za nguzo, na ningekushauri uzitafute picha hizo kabla ya kugusa jedwali lolote. Ukiuona, namba zitakuwa na mahali pa kukaa.

Mstari huo huo ni onyo. Asidi ilikula pia juu ya tope lililokuwa limeshatulia kabla ya tukio. Kwa hiyo katika visima vya kina kirefu, miaka elfu kadhaa ya mwanzo imefutwa, na mabadiliko yaliyochukua muda huonekana kana kwamba yalitokea kwa siku moja. Ukitaka kusema lolote juu ya kasi, tumia visima vya kina kifupi zaidi.

Hatua ya 3: Pakua data

Hifadhi ya PANGAEA ya Ujerumani na ile ya NOAA ya Marekani zote hutoa data bure. Andika namba ya kisima, kipindi, na "δ18O". Kwa picha pana, pakua mkusanyiko wa Thomas Westerhold na wenzake wa mwaka 2020, unaounganisha foraminifera wa sakafuni kwa miaka milioni 66 mfululizo. Kisha chuja umri ubaki kati ya milioni 55.5 na 56.5.

Faili litakuja na nafasi za tabo kati ya safu, na juu yake mistari mingi ya maelezo. Usiifute mistari hiyo. Humo ndimo kuna jina la spishi, aina ya umri uliotumika, na rejea. Hifadhi nakala moja usiyoigusa kabisa, fanya kazi kwenye nyingine, na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, iweke nakala ya tatu kwenye flashi.

Chora δ18O na δ13C dhidi ya umri. Geuza mhimili wa δ18O juu chini, ili namba ndogo zikae juu: hapo grafu ikipanda, joto limepanda. Wanasayansi wote huchora hivyo, na asiyejua husoma kinyume. Kwenye milioni 56 utaona δ18O inaruka juu na δ13C inaanguka kwa pamoja. Kuanguka huko kwa kaboni, kwa ‰2.5 hadi 4 kutegemea mahali na kitu kilichopimwa, ndiyo alama ya kutambulisha PETM popote duniani, hata kwenye mashapo ya nchi kavu.

Hatua ya 4: Kagua ganda kabla ya kuamini namba

Hapa ndipo Tanzania inapoingia, na si kwa heshima tu.

Kwa miongo kadhaa, vipimo vya maganda ya wanaoelea kutoka bahari za tropiki vilitoa jibu la ajabu: wakati Antaktika haina barafu na ncha za dunia zina misitu, maji ya ikweta yalionekana kuwa ya baridi kuliko ya leo, au sawa nayo. Waliounda modeli za tabianchi walihangaika sana, maana hakuna hewa ya ukaa inayoweza kupasha ncha za dunia na kuiacha ikweta ipoe.

Tatizo lilikuwa ganda. Foraminifera aliyejenga ganda kwenye uso wa moto huzama hadi sakafuni, kwenye maji ya baridi, na huko kalsiti yake huyeyuka kidogo na kujijenga upya kwa mamilioni ya miaka. Umbo linabaki, chini ya hadubini ya kawaida bado utamtambua kwa jina. Lakini kemia yake sasa ni mchanganyiko wa joto la juu na baridi la chini. Ganda la namna hii huwa jeupe, la ukungu, kama limepakwa chaki. Ganda zima huwa angavu, linapitisha mwanga.

Maganda angavu ya umri huo yalipatikana kwenye udongo wa mfinyanzi wa pwani yetu ya kusini, Kilwa na Lindi. Mfinyanzi haupitishi maji, hivyo kalsiti haikupata nafasi ya kujijenga upya. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walionyesha kwamba maganda hayo yanatoa bahari ya tropiki yenye joto kali, na lile fumbo la ikweta baridi likaanza kufumuka. Baadaye mradi wa uchimbaji ulioshirikiana na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, ulitoboa visima kadhaa huko. Joyce Singano, mtaalamu wa visukuku vidogo wa TPDC, ni miongoni mwa walioandika matokeo yake. Kisima namba 14 kilipitia PETM yenyewe. Ganda mojamoja kutoka humo lilitoa δ18O iliyoshuka chini ya ‰-5, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba maji ya pwani hiyo, wakati huo ikiwa karibu digrii 19 kusini ya ikweta, yalipanda joto kwa zaidi ya nyuzi 3 na huenda yalipita nyuzi 40. Katika sehemu kubwa ya tabaka za tukio, foraminifera wanaoelea hawaonekani kabisa.

Kwa hiyo, kwenye jedwali lako ongeza safu ya "hali ya ganda". Soma maelezo ya faili na ripoti ya kisima, andika "angavu" au "ukungu". Kwa walioelea, ukungu maana yake joto ulilopata ni la chini kuliko ukweli. Kwa wa sakafuni hofu ni ndogo zaidi, kwa sababu walijengwa kwenye baridi ileile walikofukiwa. Ndiyo sababu mimi humshauri anayeanza aanze na wa sakafuni, ingawa wa juu wanavutia zaidi kusimulia.

Mwenye maabara atataka kuliona ganda mwenyewe. Sampuli huombwa kwenye hazina za nguzo kupitia chuo: Bremen kwa Atlantiki, Kochi ya Japani kwa Bahari ya Hindi. Loweka tope, lioshe kwa maji safi juu ya chekecheke la mikromita 63, kausha kwa moto mdogo usiozidi nyuzi 50, kisha okota maganda kwa ncha ya brashi nyembamba iliyoloweshwa. Kati ya sampuli na sampuli, chovya chekecheke kwenye rangi ya bluu ya methileni: ganda lililobaki kwenye matundu litageuka bluu na hutalihesabu na sampuli inayofuata. Okota spishi moja, na ukubwa mmoja, kwa mfano mikromita 250 hadi 355, kwa sababu kiumbe anapokua hubadilisha kina anachoishi na kemia yake.

Hatua ya 5: Sawazisha spishi

Hii ni fupi lakini usiiruke. Spishi hazijengi ganda kwa uaminifu uleule. Cibicidoides, anayetumika kuliko wote, hutoa δ18O iliyo chini ya Uvigerina kwa takriban ‰0.64 ndani ya maji yaleyale. Kwa hesabu ya baadaye hiyo ni nyuzi 3 za bure. Ukiunganisha data za spishi mbili bila kusawazisha, unaweza kutengeneza ongezeko la joto ambalo halikuwahi kutokea. Kwenye PETM utakutana sana na Nuttallides truempyi. Marekebisho yake huandikwa kwenye makala iliyoambatana na data. Mkusanyiko wa 2020 tayari umesawazishwa, kwa hiyo usisawazishe mara ya pili.

Hatua ya 6: Maji yalikuwaje? Kisha kokotoa

Ganda hurekodi joto pamoja na oksijeni ya maji yenyewe, na vitu hivyo viwili hukaa ndani ya namba moja. Mfano uko mbele yetu. Maji mengi ya Ziwa Victoria huondoka kwa mvuke, kuliko yanayotoka kwa Mto Nile, na mvuke huchukua oksijeni nyepesi kwanza. Kwa hiyo maji yaliyobaki ziwani ni mazito kuliko mvua iliyoyaleta. Ukichukua ganda la konokono wa ziwani na kulitia kwenye kanuni ya bahari, utaambiwa kwamba Mwanza ni mji wa baridi kali.

Baharini, mchezaji mkuu ni barafu. Maji mepesi yakifungiwa kwenye barafu ya nchi kavu, bahari hubaki nzito. Emiliani alidhani mabadiliko mengi aliyoyaona ni ya joto. Mwaka 1967 Nicholas Shackleton alionyesha kwamba sehemu kubwa ilikuwa barafu. Bahati yetu ni kwamba miaka milioni 56 iliyopita hapakuwa na barafu kubwa, hivyo swali linarahisika: watafiti wengi hutumia δw, yaani δ18O ya maji yenyewe, ya ‰-1.0 kwa VSMOW.

Kanuni rahisi ninayoipenda kwa mazoezi ni ya mstari mnyoofu, ya Bemis na wenzake wa mwaka 1998:

T = 16.5 − 4.80 × (δc − δw)

Hapa δc ni ya ganda kwa VPDB, na δw lazima ihamishwe kutoka VSMOW kwa kutoa 0.27. Hivyo δw yetu ni −1.27. Wanaosahau hatua hii hukosea kwa nyuzi 1.3.

Tufanye kwa namba za mazoezi. Ganda la sakafuni kabla ya tukio lina δc ya −0.1. Ukitoa −1.27 unapata 1.17, zidisha kwa 4.80 upate 5.6; toa kutoka 16.5, maji yalikuwa nyuzi 10.9. Wakati wa kilele δc ni −1.3: tofauti ni −0.03, jibu ni nyuzi 16.6. Bahari kuu imepanda kwa nyuzi 5.8. Bahari kuu ya leo iko karibu nyuzi 2 tu, kwa hiyo hata kabla ya tukio sakafu ile ilikuwa ya joto kwetu.

Kwenye Excel weka δw ya VSMOW (−1.0) kwenye seli moja, tuseme B1, na kanuni zote ziisome hapo na kuitoa 0.27. Kisha badilisha B1 uone. Joto lenyewe litahama, lakini tofauti kati ya kabla na wakati wa tukio haitahama. Ndiyo sababu "ilipanda kwa nyuzi 5 au 6" ni kauli imara kuliko "ilikuwa nyuzi 16.6".

Sasa jaribu ile ‰-5 ya kisima namba 14. Kanuni hii itakupa kama nyuzi 34, wala si 40. Tofauti hiyo ni marekebisho waliyoyafanya watafiti ya kemia ya maji na pH, yaani kipimo cha asidi: maji ya kitropiki yanayovukizwa sana huwa na δw ya juu kuliko wastani wa bahari, na pH ikishuka, δ18O ya ganda hupanda kidogo na kuficha sehemu ya joto.

Hatua ya 7: Umri

Kina si muda. Bahari kuu hukusanya sentimita 1 au 2 kwa miaka elfu, lakini kasi hiyo hubadilika, na wakati wa PETM ilibadilika sana kwa sababu chokaa chenyewe kiliyeyuka. Anza na alama za umri za uhakika: mageuko ya usumaku wa dunia, ambapo PETM iko ndani ya kipindi kinachoitwa C24r, na visukuku vinavyotokea au kutoweka kwa umri unaojulikana. Kati ya alama hizo, hesabu mizunguko. Mzingo wa dunia kuzunguka jua hubadilika kwa miaka takriban 100,000 na 405,000, na mhimili huyumba kwa takriban 21,000. Rangi na chuma cha mashapo hufuata midundo hiyo. Wengine hutumia heli-3, aina nyepesi ya gesi ya heli, inayonyesha kutoka angani kwa kasi inayokaribia kuwa sawa.

Halafu kuna minyoo. Sentimita kama 10 za juu za tope huchimbwa na kugeuzwa na viumbe wa sakafuni, kama mtu anayekoroga uji ambao tabaka zake alitaka kuziona. Kwa kasi ya sentimita 1.5 kwa miaka elfu, hiyo ni karibu miaka 6,700 iliyochanganywa. Dawa yake ni kupima ganda mojamoja badala ya kuponda mengi pamoja. Walipofanya hivyo kwa kisima 690, maganda yaligawanyika makundi mawili, ya kabla na ya baada, bila ya katikati. Mteremko laini uliokuwa kwenye wastani ulikuwa kazi ya mchanganyiko.

Hatua ya 8: Tafuta shahidi wa pili

Shahidi wa karibu ni magnesiamu. Kadiri maji yanavyopata joto, ganda hupokea magnesiamu zaidi badala ya kalsiamu, kwa takriban asilimia 9 kwa kila nyuzi moja. Uwiano ukipanda kutoka 3.0 hadi 4.5, chukua logi asilia ya 1.5, ambayo ni 0.405, gawa kwa 0.09: nyuzi 4.5. Barafu haimgusi shahidi huyu. Udhaifu wake ni kwamba bahari ya wakati ule ilikuwa na magnesiamu kidogo kuliko ya leo ikilinganishwa na kalsiamu, kwa hiyo mtumie kwa tofauti, si kwa joto kamili. Kwenye kisima 1209 cha Pasifiki alitoa ongezeko la nyuzi 4 hadi 5.

Shahidi mwingine hahitaji ganda kabisa. TEX86, iliyoanzishwa mwaka 2002, hupima mafuta ya utando wa vijidudu vya akea. Kwenye maziwa makubwa ya Afrika, ambako hakuna foraminifera wa bahari, ndiyo imetumika kusoma joto, na Ziwa Victoria limo.

Hatua ya 9: Kaboni ilikuwa kiasi gani?

Rudi kwenye δ13C. Tuseme kaboni iliyokuwa ikizunguka kati ya bahari, hewa na viumbe ilikuwa gigatani 40,000 (gigatani moja ni tani bilioni moja) na δ13C yake ikashuka kwa ‰3 kutoka sifuri. Kaboni iliyoongezwa ni 40,000 × 3, ukigawa kwa tofauti kati ya −3 na δ13C ya chanzo.

Chanzo kikiwa methani ya sakafuni, yenye ‰-60, unapata kama gigatani 2,100. Kikiwa mabaki ya mimea na viumbe, ‰-25, unapata 5,450. Kikiwa volkano, ‰-6, unapata 40,000. Mporomoko uleule, majibu matatu, na ndiyo maana ugomvi wa chanzo haujaisha. Kilichosaidia ni kuongeza ushahidi mwingine: kina cha chokaa kilichopanda, na isotopu za boroni, yaani uwiano wa boroni nzito na nyepesi, zinazosoma pH. Utafiti wa boroni wa mwaka 2017 ulikadiria zaidi ya gigatani 10,000, nyingi zikitoka kwenye volkano za Atlantiki ya Kaskazini.

Kasi ndiyo inayotugusa. Makadirio ya mwanzo wa PETM yako karibu gigatani 1 kwa mwaka au chini yake. Sisi leo tunachoma mafuta, gesi na makaa kiasi cha kutoa kama 10.

Kuandika matokeo, na jaribio la mwisho

Usiandike "nyuzi 5.76". Mashine pekee hukosea kwa takriban ‰0.08, ambayo ni karibu nyuzi 0.4, na hapo hujaweka ukungu wa ganda, δw wala spishi. Andika "kati ya 5 na 6", taja kisima, spishi, kanuni, δw uliyochagua na hali ya ganda, ili mwenzako wa Nyegezi au Dodoma arudie na kupata kilekile.

Ukimaliza, nenda na jedwali hilohilo hadi miaka milioni 34 iliyopita. Hapo δ18O ya sakafuni inapanda kwa zaidi ya ‰1, na ukiacha B1 ilivyo utapata bahari iliyopoa kwa nyuzi 5 au zaidi. Lakini huo ndio wakati Antaktika ilipoanza kubeba barafu kubwa, na magnesiamu ya maganda angavu kutoka visima vya Tanzania inaonyesha uso wa bahari ulipoa kwa kama nyuzi 2.5. Kwa upande wa baada ya badiliko, anza kuisogeza B1 kutoka −1.0 kuelekea sifuri, hatua ya 0.1 kwa 0.1, na uangalie ni kiasi gani cha ule ubaridi kinageuka kuwa barafu.